Gitaa Lililoitwa Lucille

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, marehemu baba aliniachia kaseti ya B.B. King iliyochakaa hata maandishi yake yamefutika, na tangu hapo sijampata mpigaji mwingine wa bluzi anayenigusa kama yeye. Kwa nini gitaa lake aliliita Lucille, na kwa nini mlio wake hutambulika upesi? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Wakati wa baridi mwaka 1949, alipokuwa akitumbuiza katika ukumbi wa dansi huko Twist, jimbo la Arkansas, Marekani, wanaume wawili walipigana wakaangusha pipa la mafuta ya taa lililowashwa ili kuleta joto, na ukumbi ukashika moto. King alikwisha kutoka salama, lakini akarudi ndani kuliokoa gitaa lake. Alipoambiwa kuwa chanzo cha ugomvi ni mwanamke aitwaye Lucille, akaliita gitaa lake jina hilo ili asirudie upumbavu ule. Magitaa yake yaliyofuata yalirithi jina hilo.

Kuhusu mlio, sikiliza mkono wa kushoto: kidole hukaa juu ya waya na kiganja kikatikisika, hivyo noti moja huyumba kama koo la mwimbaji. Akishaimba mstari hunyamaza, gitaa likajibu. Wakazi wa Kinshasa walijionea hayo alipotumbuiza huko mwezi Septemba 1974.

Alifariki Las Vegas tarehe 14 Mei 2015, akiwa na miaka 89. Kaseti hiyo, tafadhali, inakili kwenye kompyuta kabla utepe haujakatika.