Usiipime kwa mtu mmoja, ipime kwa darasa zima

Mwalimu, usiiweke hiyo GNOME kuwa eneokazi la Linux, yaani sura ya madirisha na menyu, kwenye maabara yako. Umeandika kwamba umeijaribu kwenye seva, ile kompyuta kuu, ikateleza kama maji, na kwamba Jumatatu unaiunganishia mashine 25 zisizo na diski. Nimesoma hapo moyo ukanilipuka, maana maneno hayo hayo niliyasema mimi mbele ya mkuu wangu wa shule.

Tulikuwa na seva moja yenye RAM ya GB 8 na kompyuta 20 kuukuu tulizozitoa diski, zikiwaka kupitia mtandao kwa LTSP, programu ya Linux ya kuwasha mashine kutoka kwenye seva, toleo la zamani, lile la kabla haijaandikwa upya 2019. Wiki nzima nilikaa kwenye seva peke yangu, nafungua madirisha, nafurahia vivuli vyake vya urembo. Siku ya kwanza wakaingia kidato cha pili. Watano wa mwanzo, safi. Wa kumi na moja alipofungua Firefox, vipanya vyote vikaganda. Wa kumi na nne hakufika hata pa kuandika nywila. Taa ya diski ya seva inawaka haizimi, watoto 40, wawili wawili kwa kila mashine, kimya, wananitazama mimi. Kipindi cha dakika 80 kikaisha hakuna aliyeandika hata jina lake.

Hesabu ni ya darasa la nne na sikuifanya! Kwenye mpango huu mwanafunzi ana skrini na kibodi tu, programu zote zinakwenda ndani ya seva. GB 8 kwa mashine 20 ni kama MB 400 kila moja, na seva yenyewe bado haijala. Tena GNOME tangu toleo la 3, mwaka 2011, inategemea kadi ya picha. Isipoipata, prosesa ya seva ndiyo inayochora kila kivuli, mara 20, kisha picha zinasukumwa kwenye waya.

Fundi aliyetuuzia seva ndiye aliyetuapia kwamba inabeba hata watu 50. Nilipompigia akasema tuongeze RAM. Tukaongeza ikafika GB 16, kwa pesa ya karatasi za mitihani, na prosesa ikabaki imelemewa vilevile. Hajawahi kuona darasa likiingia kwa pamoja, lakini alituhakikishia, akalipwa, akaondoka. Sijamsamehe hadi leo.

Kilichotuokoa ni Xfce, eneokazi jepesi, vivuli vimezimwa. Seva ile ile, watoto wote ndani.

Ila usiichukue hata Xfce kwa neno langu. Jumamosi waite watu 25, walimu, mlinzi, hata mpishi. Waingie wote kwa pamoja, dakika ile ile, wafungue Firefox na LibreOffice, wewe kaa kwenye seva utazame htop, programu inayoonyesha RAM na prosesa zinavyotumika. Mstari wa Swp ukianza kupanda, maana yake RAM imejaa na seva inaazima nafasi kwenye diski; hilo eneokazi halikufai, shuka hadi LXDE, jepesi zaidi. Kisha niandikie hapa ulipofika mtu wa ngapi.