Ugonjwa wa moyo: “wa kurithi” au “wa kuzaliwa nao”?

Swali: Ninaandaa ripoti kuhusu utafiti wa vinasaba vinavyosababisha magonjwa ya moyo. Je, naweza kutumia “wa kurithi” na “wa kuzaliwa nao” kwa maana moja ili nisirudierudie maneno?

Jibu: La, na katika ripoti ya aina hiyo ni heri kurudia neno kuliko kulibadilisha. “Kuzaliwa nao” hueleza wakati: mtoto amezaliwa kasoro ikiwa tayari ipo, kama vile tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vya moyo, na kasoro ya namna hiyo yaweza kuletwa na rubela iliyompata mama akiwa mjamzito, bila ukoo kuhusika hata kidogo. “Kurithi” hueleza njia: badiliko la jeni, yaani kinasaba, limetoka kwa mzazi, ilhali moyo wenyewe waweza kuonekana mzima hadi mtoto abalehe au awe mtu mzima. Ndivyo ulivyo mara nyingi ule ugonjwa unaofanya misuli ya moyo iwe minene kupita kiasi, unaokadiriwa kumpata mtu 1 katika kila watu 500. Mwaka 1990 watafiti walionyesha kuwa mabadiliko katika jeni ya MYH7, yenye maelekezo ya kutengeneza miosini, protini inayouwezesha msuli wa moyo kujikaza, ni mojawapo ya visababishi vyake.

Angalia pia kinachorithiwa. “Amerithi ugonjwa” ni kauli ya kawaida na si kosa katika mazungumzo, lakini mtafiti aandike “amerithi badiliko la jeni”. Katika ugonjwa huo wa misuli minene ya moyo, kila mtoto wa mzazi mwenye badiliko ana uwezekano wa asilimia 50 wa kulirithi, na wapo wanaolirithi wasiugue maisha yao yote. Kumwita mtu kama huyo mgonjwa kwa sababu tu ya majibu ya kipimo ni kumtwisha mzigo usio wake, na kosa hilo huanzia kwenye kalamu yetu.

Kuhusu sarufi, “ugonjwa wa moyo wa kurithi” ni sahihi, ila “ugonjwa” na “moyo” yote huchukua “wa”, hivyo haionekani wazi kipi ni cha kurithi. Wingi huondoa utata huo: katika “magonjwa ya moyo ya kurithi”, “ya” ya pili haiwezi kurejelea moyo. “Jeni” nayo haibadiliki katika wingi: jeni hii, jeni hizi.