Riwaya nilizorudia mwaka huu, na akina mama ambao sikuwaona mara ya kwanza

Mleta mada ameuliza ni riwaya zipi tumesoma au kurudia hivi karibuni, na kama maoni yetu yamebadilika. Ameomba tuseme ukweli, tusisifie kwa sababu tu mwandishi ana jina. Tangu Januari nimerudia nne na kusoma mbili ambazo sikuwahi kuzigusa, kwa hiyo mnivumilie kwa urefu. Nitataja yaliyomo mpaka mwisho, asiyetaka kujua aruke.

Nilianza na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Mara ya kwanza niliisoma bwenini nikiwa kidato cha pili. Nakala ilikuwa imeshatoka jalada, inapita kitanda hadi kitanda kwa sababu tulikuwa tumesikia kwamba iliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Tulisoma kwa tochi, tukitafuta kurasa za Rosa na wanaume, tukimaliza tunampa mwingine. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyemtaja mama yake Rosa.

Mwezi wa tatu nilipata msiba Ukerewe, nikaibeba kwenye meli kutoka Mwanza kwenda Nansio. Zile saa tatu na ushee majini zilinitosha kuvuka nusu ya kitabu. Ukifika pale Zakaria, baba yake Rosa, anapoikamata barua ya Charles, kijana anayempenda Rosa, na kumpiga bintiye, halafu ukainua macho ukaona kisiwa chenyewe ambako hadithi inaanzia na ambako mwandishi alizaliwa, unasoma kwa moyo mwingine. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mtu mzima, kapu la ndizi miguuni. Alilitazama jalada muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, huyo Rosa nasi tulimsoma. Tulimcheka sana. Kumbe aliyekuwa amepotea ni baba yake." Akanyamaza, akageukia ziwa.

Nimelibeba neno lake mpaka leo, ila naliongezea langu. Nilipokuwa binti niliona kipigo na barua. Sasa nina binti yangu, na aliyenikaa rohoni ni Regina, mke wa mlevi, mwenye mabinti watano na mtoto mmoja wa kiume, ambaye nyumba nzima inamtegemea na neno lake halina uzito. Hapo ndipo nina ugomvi na kitabu. Kezilahabi amemwandika Zakaria kwa wino mzito, unaisikia mpaka harufu ya pombe. Regina namwona akitenda kuliko ninavyomsikia akisema. Natamani angempa sura moja tu ya peke yake. Na Rosa anaharibika haraka mno. Anatoka kwenye kuwaogopa wavulana, anafika kwenye kutojali chochote, na katikati pana pengo ambalo msomaji anaachiwa alijaze mwenyewe. Pamoja na hayo, kitabu kilitoka 1971 na mwandishi alikuwa na miaka 27. Kusema wakati ule, tena kwa Kiswahili chepesi namna ile, kwamba ukali wa mzazi unaweza kumwangamiza mtoto, kulihitaji ujasiri. Charles anapomkataa Rosa mwishoni kwa sababu hakumkuta bikira, nilikifunga kitabu nikakaa nacho mapajani mpaka meli inatia nanga.

Kichwamaji, ya mwandishi huyohuyo, imeshuka machoni pangu. Najua wengi hapa wanaiweka juu kabisa, na nikiwa kidato cha sita nilikuwa upande wenu, nanakili sentensi za Kazimoto, mhusika mkuu, nyuma ya daftari. Mwanzo wake bado ni mzuri ajabu: msomi wa chuo kikuu amewekwa nje ya ofisi ya mtu waliyesoma pamoja, anasubiri aitwe. Aliyewahi kuzungusha bahasha ya vyeti ofisi hadi ofisi anaijua aibu ile. Lakini nikiendelea, Kazimoto ananichosha. Rukia, dada yake, anapewa mimba na Manase, anakufa, na mimi nataka kukaa msibani na mama mtu. Kazimoto ananivuta nirudi kujadili maana ya maisha. Nilipokuwa na miaka 19 niliuona huo kuwa ukubwa wa akili. Leo naona kijana aliyezungukwa na wanawake wanaoumia, na yeye anajitazama mwenyewe. Inawezekana ndivyo mwandishi alivyokusudia. Basi amefaulu, ila sitairudia tena.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed niliisoma kwa siku mbili. Kile kisa cha Bi Tamima kuzalishwa na mkunga Bi Farashuu, mumewe Bwana Maksuudi akarudi, badala ya kumshukuru Mungu kwa uhai wa mkewe akampiga na kumtaliki, kilinifanya niamke niende nje nikavute hewa. Bwana Maksuudi ni mtu ninayemjua. Nimewahi kumwona msikitini, nimemwona kwenye jukwaa la kampeni, nimemwona akishikana mikono na wazazi kwenye kikao cha shule. Ninachokipinga ni mwisho. Maimuna, binti yao, amepita kwenye danguro na ulevi, kisha harusi na Kabi inakuja upesi mno. Mtu aliyeumia kiasi kile hawezi kupona kwa kurasa zile chache.

Kwa ufupi, sasa zile mbili ambazo sikuwahi kuzigusa. Chozi la Heri ya Assumpta Matei nimeishia njiani. Mwanzo wake, Ridhaa amesimama mbele ya magofu ya nyumba yake iliyochomwa baada ya uchaguzi, una nguvu kubwa, lakini baadaye majina yanakuwa mengi hata nikawa nayaandika pembeni ili nisiyachanganye. Nitarudi kwake. Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ni habari nyingine kabisa. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anapandishwa treni na tajiri Aziz akidhani anakwenda kutembea kwa jamaa, kumbe ni rehani ya deni la baba yake. Khalil, kijana anayetumikia duka la Aziz, ndiye anayemfumbua macho. Msafara wa bara ni mrefu na ulinichosha kidogo, nakiri. Lakini kuisikia hadithi ya pwani yetu ikisemwa kwa Kiswahili, baada ya Tuzo ya Nobel ya 2021 kuifanya dunia nzima imzungumzie mwandishi wake, kulinitoa machozi ya furaha. Wachapishaji watuletee na vitabu vyake vingine.

Nimekiacha mwisho nilichokipenda zaidi, Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Miaka kumi iliyopita nilikisoma kwa ajili ya Denge, kijana mpigania uhuru: vikao vya siri, makachero wa mkoloni, Inspekta Wright akimfukuzia. Safari hii kurasa za siasa nilizipita kwa haraka. Nyingine zinahubiri, tuseme kweli. Niliyekaa naye ni Mwajuma. Yasmin, binti wa miaka 15 aliyeozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka 52, anakimbia ndoa, ndugu wa damu wanamfungia mlango, na anayempokea ni mwanamke maskini wa Ng'ambo, mtaa wa Zanzibar, mwenye kibanda tu. Mwajuma hamuulizi dini wala kabila. Anamsogezea nafasi, wanakula kilichopo, kesho wanahangaika pamoja. Hatoi hotuba hata moja, na kwangu mimi ndiye anayeufanya ule uhuru unaopiganiwa uonekane una maana.

Binti yangu yuko kidato cha tano na kitabu hiki ni chake cha mtihani. Nilimkuta na daftari la notisi limepangwa vilevile kama la kwangu zamani: dhamira, ujumbe, migogoro, msimamo, falsafa. Denge ana ukurasa mzima na nusu. Mwajuma ana mistari miwili chini ya "wahusika wengine": rafiki wa Yasmin, anapenda starehe. Kitabu chenyewe alikuwa hajakifungua, wamegawiwa muhtasari kwanza. Nikamwambia aweke daftari kando, tukaanza kusoma kwa sauti baada ya chakula cha jioni, yeye ukurasa, mimi ukurasa. Tumefika pale Yasmin anapobisha hodi usiku kwa Mwajuma. Akasimama kusoma, akaniuliza, "Mama, ungekuwa wewe, ungemfungulia?"

Nilimwambia ningemfungulia. Akanitazama kidogo, akaendelea na ukurasa wake.