Hewa ya Watu Wawili: Kwa Wanaoanza Kazi ya Kuongoza Wazamiaji

Kijana anayeanza kazi ya kuongoza wazamiaji Unguja, Pemba au Mafia huambiwa mapema kwamba kila mtu arudi chomboni akiwa na angalau baa 50 mtungini (baa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa). Kanuni hiyo ni sahihi, lakini wengi huishika vibaya: hungoja mshale wa geji ufike 50 wakiwa bado chini, ndipo waanze kupanda. Baa 50 ni kiasi cha kufika nacho juu. Kiasi cha kuanzia kupanda ni kingine, nacho hutegemea kina mlichopo na hukokotolewa kwa watu wawili, kwa sababu siku mwenzako atakapoishiwa hewa, nyote mtapumua kutoka mtungi wako.

Hesabu yenyewe si ngumu. Juu ya maji mgandamizo ni baa 1, na kwa kila mita 10 unazoshuka huongezeka takriban baa 1, hivyo mita 20 chini kila pumzi huchukua hewa mara tatu ya ile ambayo ingechukua juu. Mzamiaji aliyetulia hutumia karibu lita 20 kwa dakika kwa kipimo cha juu ya maji. Aliyeingiwa na hofu mkadirie lita 30, na wawili wenye hofu lita 60. Wape dakika moja ya kupeana kipumulio na kutulia wakiwa mita 20: hizo ni lita 180. Kupanda hadi mita 5, kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, kuhesabie dakika 2, yaani lita 270 kwa kina cha wastani. Kituo cha usalama, yaani kusimama mita 5 kwa dakika 3 ili nitrojeni ipungue mwilini, ni lita 270 nyingine, na mita 5 za mwisho, zikipandwa polepole kwa dakika moja, ni lita 75. Jumla ni lita 795, ambazo katika mtungi wa alumini wa lita 11, ukizigawa kwa 11, ni zaidi kidogo ya baa 72. Mimi huandika 80, kwa kuwa geji nazo hukosea. Ukirudia hesabu hiyo kwa mita 30 utapata karibu baa 100, yaani nusu ya mtungi mzima.

Wapo wanaosema kwamba dharura ikitokea, kituo cha usalama kinaweza kurukwa. Ni kweli, na hewa ikiwa haitoshi kirukwe bila kusita. Lakini sioni kwa nini mtu apange tangu nchi kavu kuwanyima wageni wake dakika hizo tatu.

Ukishatenga akiba, kinachobaki ndicho cha kutembelea. Kwa mtungi wa baa 200 na kina cha mita 20 mna baa 120. Mkisafiri na mkondo huku boti ikiwafuata, zote zinaweza kutumika, kwa kuwa mtaibukia popote. Mkilazimika kurudi kwenye kamba ya nanga, geukeni baada ya kutumia 60, geji inaposoma 140, na geji inayohesabiwa ni ya yule mwenye hewa kidogo kuliko wote, hata kama yako inasoma 170.

Hewa haipangwi bila kuangalia maji. Mlango wa Kinasi, Mafia, huzamiwa maji yanapojaa, ili mkondo ukiwachukua uwaingize ndani ya ghuba ya Chole na si bahari kuu. Wakati wa bamvua mkondo huwa mkali, na anayepiga mbizi dhidi yake aweza kutumia hewa maradufu. Siku kama hizo hesabu ya lita 20 haifai kabisa, na mara nyingi uamuzi mzuri ni kuchagua mwamba mwingine.

Kabla ya kuruka, kila mtu avute pumzi nne kwenye kipumulio huku akitazama geji. Mshale ukishuka anapovuta na kurudi anapoachia, koki ya mtungi haijafunguliwa vya kutosha: juu hatasikia tofauti, lakini mita 25 chini atahisi amenyimwa hewa. Pumzi hizo pia zionje. Hewa yenye harufu ya mafuta au moshi inaonyesha kwamba kompresa imevuta hewa chafu, na kaboni monoksidi, isiyo na harufu, huenda imo. Mtungi huo urudishwe, pamoja na mingine yote iliyojazwa nao.

Wageni wengine hudhani nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, hudumu zaidi mtungini. Haidumu zaidi: hupunguza nitrojeni mwilini, lita ni zilezile, na ile yenye oksijeni asilimia 32 haipaswi kupita mita 33 hivi.

Mwisho, mpango wote mwambie nahodha kabla hamjashuka: kina, upande mtakaoelekea, dakika mtakazokaa, na dakika ambayo, asipoona boya lenu, aanze kutafuta akifuata mkondo.