Kagua gundi kabla ya rangi: maswali yenu kuhusu baiskeli za mbio za kaboni za zamani

Baiskeli za mbio za kaboni za miaka ya 1980 na 1990 zimeanza kuonekana kwenye marundo ya mitumba huku kwetu, na maswali yameingia kutoka Tunduma hadi Iringa. Nimechagua yale yanayowagusa wengi.

Shikamoo fundi. Nimekuta Mwanjelwa baiskeli imeandikwa Vitus. Mabomba ya fremu ni meusi, maungio ni ya alumini. Muuzaji anasema ni kaboni. Ninunue? (Msomaji, Mbeya)

Marahaba. Muuzaji huenda anasema kweli. Vitus ya Ufaransa ilitengeneza fremu za mabomba ya kaboni yaliyoshikanishwa na maungio ya alumini kwa gundi. Ikiandikwa Carbone 3, mabomba matatu makubwa ndiyo ya kaboni. Ikiandikwa Carbone 9, yote tisa. Look na TVT, za Ufaransa pia, zilipita njia hiyohiyo, na Mmarekani Greg LeMond alishinda mbio za Tour de France za 1986 akiwa juu ya fremu ya kaboni ya Look. Kwa hiyo hicho unachokiona kati ya baiskeli za mizigo si kitu kidogo.

Lakini usinunue jina. Nyuzi za kaboni hazishiki kutu. Kinachokufa ni pale zinapokutana na alumini. Vitu hivi viwili vikigusana penye maji ya chumvi, alumini huliwa polepole, na gundi hubaki haina cha kushika. Baiskeli nyingi za mitumba zimepita miaka kwenye barabara za Ulaya zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi, na jasho la mpandaji nalo ni chumvi. Sogeza baiskeli juani, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, kisha pitisha ukucha pembeni mwa kila muungo. Unatafuta unga mweupe, rangi iliyovimba kama lengelenge, au ufa mwembamba unaozunguka bomba. Kimoja tu kikiwapo, iache.

Halafu gonga mabomba kwa sarafu, taratibu, kutoka katikati kuelekea kwenye muungo. Sauti kavu na angavu ni nzuri. Ikigeuka ghafla kuwa nzito mahali ambapo bomba la upande wa pili halibadiliki, nyuzi zimeachana kwa ndani. Mwisho shika breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma, kisha simama juu ya pedali huku baiskeli imeegemea ukuta. Mlio wa "krrk" unaweza kutoka kwenye gololi za krenki, yaani mikono inayobeba pedali, au kwenye bomba la tandiko, hivyo visafishe na uvipake grisi kwanza. Mlio ukibaki, unatoka kwenye gundi.

Sehemu zote zikipita, inunue. Nakwambia hivyo bila kusita.

Gurudumu la nyuma nililopata ni pana kuliko fremu. Fundi wa mtaani anataka kuitanua fremu kwa jeki kama anavyofanya kwenye baiskeli za chuma. Nimruhusu? (Ipogolo, Iringa)

Hapana. Chuma hupinda na kubaki hapo, gundi hupasuka. Fremu za gia sita au saba kwa kawaida zina nafasi ya milimita 126 kwa nyuma, na za gia nane na kuendelea zina 130. Tafuta habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya 126, au mpe fundi habu yako apunguze washa na ekseli, kisha avute spoku upya ili ringi ikae katikati ya fremu. Ni kazi ya saa chache na fremu yako inabaki nzima.

Ninafunga krenki mpya lakini tredi hazikubali. Kuna namna ya kulazimisha? (Mafinga)

Usilazimishe, pima nyumba ya krenki, lile bomba fupi la fremu ambamo vikombe vya gololi hufungwa. Ya Kiingereza ina upana wa milimita 68, ya Kiitaliano 70 na kipenyo cha milimita 36, ya Kifaransa ya zamani kipenyo chake ni 35. Kwenye ya Kiingereza, kikombe cha upande wa cheni hufunguliwa kwa kuzungusha kufuata mshale wa saa, kinyume na mazoea. Ya Kiitaliano hufunguliwa kama bolti ya kawaida. Hapo ndipo fremu nyingi zinapoharibiwa, kwa nguvu nyingi upande usio wenyewe.

Nimeijenga vizuri, inang'aa, lakini nikipandisha kutoka Uyole kwenda Isyonje natembea kwa miguu. Tatizo ni mimi au baiskeli? (Mwanafunzi, Mbeya)

Ni gia, mdogo wangu. Baiskeli hizi zilipangwa kwa ajili ya wakimbiaji wa mashindano: mbele meno 52 na 42, nyuma gia kubwa kabisa meno 21 au 23. Ukiwa kwenye 42 kwa 23, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza karibu mita 3.8. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Tukuyu inapanda zaidi kabla ya kuanza kushuka kuelekea Kyela. Kwa hewa hii nyepesi na mlima ule, magoti yako hayana kosa lolote.

Watu hukimbilia kubadilisha mbele, na wanakwama: krenki nyingi za zama hizo zenye mduara wa bolti (zile zinazoshika meno ya mbele) wa milimita 130 haziwezi kubeba chini ya meno 38. Ukipata krenki ya mduara wa 110, utaweka 34, na hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote anayeishi Nyanda za Juu. Usipoipata, anzia nyuma. Friwili, yaani fungu la gia za nyuma, ya gia saba yenye meno 14 hadi 28 inapatikana kwa wauza vipuri na haina gharama kubwa. Kihamisha cheni cha zamani cha mbio mara nyingi hakifiki 28, basi chukua chenye mkono mrefu kutoka kwenye baiskeli ya milimani ya mitumba. Hizo zimejaa sokoni. Ikiwa mikono yako ya gia ipo kwenye bomba la chini na haina hatua, yaani unaivuta mpaka cheni ikae, itafanya kazi na karibu kihamisha chochote. Ndiyo maana ninaitetea mikono ile, ingawa vijana wanaikimbia.

Ukifikia 34 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja utakusogeza mita 2.5 hivi. Utafika Isyonje umekaa kwenye tandiko.

Wapo watakaokuambia unaiharibu historia ya baiskeli. Baiskeli ya mbio iliyotundikwa ukutani kwa kukosa gia ndiyo iliyoharibiwa.

Bomba la tandiko limeng'ang'ania ndani ya fremu. Nimewasha moto kidogo halijatoka. (Makambako)

Zima moto huo leo. Joto hulainisha gundi ya maungio kabla ya kulegeza bomba. Geuza fremu, dondoshea mafuta ya kulegeza kutu kupitia upande wa krenki, na uyape siku kadhaa. Usilibane kwenye vaisi ukaipindua fremu, kwa maana unapindua gundi pia. Likikataa kabisa, likate juu, kisha ulichane kwa ndani kwa msumeno wa chuma, taratibu, ukilinda ukuta wa fremu.

Fundi wa bampa za magari anasema anaweza kuziba ufa wa fremu kwa faibaglasi. (Njombe)

Kwa bampa, mwamini. Kwa fremu inayokubeba ukishuka mlima, hapana. Ufa wa foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, haujadiliwi hata kidogo: tafuta foku ya chuma ya inchi moja yenye tredi, ya urefu uleule, zipo nyingi kwenye mitumba.

Kaka, nataka kushuka Kitonga na Look yangu. Nijiandae vipi? (Ilula)

Ndugu yangu, Kitonga ni barabara ya malori yenye kona kali, na lori lililoshika breki muda mrefu huenda lisiweze kukukwepa. Mimi sikushauri kuishuka kwa baiskeli. Nenda ukajaribu fremu yako kwenye miinuko ya kuelekea Chunya, asubuhi, kabla ya magari kuwa mengi.

Popote utakaposhuka, weka ringi za alumini, kwa kuwa ringi za kaboni za zamani hazivumilii joto la breki za muda mrefu. Badilisha mpira wa breki uliokuja na baiskeli, hata kama unaonekana haujalika; mpira ukikaa miaka hukakamaa na hauumi tena ringi. Weka waya mpya wa breki. Ukianza kushuka, kamata na uachie, usining'inie kwenye breki moja mwendo wote. Ukungu ukiwa umetanda barabarani, subiri.