Mtaro uombwe kabla ya mvua

Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza kwa nini mnaomba mtaro kila masika na haujengwi. Naona mnachelewa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na bajeti yake huandaliwa miezi ileile mvua inaponyesha. Ukipeleka picha za nyumba zilizojaa maji mwezi Aprili, mafungu yameshagawanywa.

Itisheni mkutano wa mtaa Septemba. Muhtasari upite Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani aubebe hadi halmashauri, nakala iende TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini.

Lakini kwanza tembeeni njia ya maji, kutoka juu mpaka ziwani, pamoja na wazee wanaokumbuka korongo la zamani lilipita wapi. Hapa nasisitiza sana: mtaro ukiishia mlangoni kwa jirani wa chini, mmemhamishia yeye mafuriko. Ziwa Tanganyika nalo likipanda, kama lilivyofanya miaka ya karibuni, maji ya mtaroni hukosa pa kutokea. Mhandisi aulizwe hilo kabla hajachora, na wakazi wa chini wawepo akijibu.