Kisomaji au tabuleti kwa mtoto wa miaka 8?

Dada, umeuliza kama binti yako hapo Jinja anunuliwe tabuleti au kisomaji cha vitabu vya kidijitali. Ningechagua kisomaji, kwa sababu skrini yake ya wino wa kielektroniki hutumia chaji hasa ukurasa unapobadilika, hivyo hukaa wiki kadhaa hata umeme ukikatika. Kagua kwanza aina ya mafaili: kisomaji cha Kobo husoma moja kwa moja EPUB, aina ya kawaida ya faili za vitabu vya kidijitali, ilhali kile cha Kindle hutaka mafaili hayo yapitie kwanza huduma ya Amazon ya kutuma vitabu. Hadithi za bure za African Storybook, za Kiswahili na Kiluganda, zina picha za rangi ambazo skrini ya kijivu huzififisha. Mwanangu alikataa katakata jogoo asiye na wekundu. Nunua pia kava ngumu, maana skrini yetu ilipasukia mkobani, chini ya kopo la uji.